Kitabu Kiwe Chumba cha Pili

9 Januari

Kaka,

Pokea salamu zangu, umpe na wifi zake, na wale wanao wawili uwavute masikio kwa niaba yangu hata kama sasa wanaota ndevu. Sisi huku tupo. Goti la Mama limevimba tena, lakini mdomo wake uko salama kabisa. Juzi amemwambia daktari kwamba dawa aliyompa ni nzuri sana kwa kufukuzia mbu. Binti yangu amepanda darasa na amepanda kiburi, vyote kwa mwezi mmoja.

Nimekupigia simu mara nne. Mara tatu uko darasani, na mara moja ulipokea, ukaongea peke yako dakika kumi, ukakata. Ndiyo maana naandika.

Shida yangu ni hii. Tangu mwaka juzi hospitali yetu imeamua kwamba kila mhudumu wa wodi lazima afanye mitihani awe muuguzi msaidizi. Asiyefaulu anateremshwa chini, chumba cha kufulia, akashinde na mashuka. Karatasi ni tatu. Ya usafi nimefaulu, ya huduma ya kwanza nimefaulu tena vizuri. Iliyobaki ni ya saikolojia, mambo ya kujifunza na kumbukumbu, na hiyo nimeanguka mara mbili. Ya tatu ndiyo ya mwisho, tarehe 14 Juni.

Miaka kumi na sita niko wodi ya watoto, Kaka. Najua mtoto yupi analia kwa maumivu na yupi analia kwa sababu mama yake ametoka kwenda kunywa chai. Sina ugomvi na mashuka, lakini shuka halikushiki kidole. Sitaki kwenda chini.

Kijitabu chenyewe kina kurasa themanini. Nimekisoma mara tisa. Nikikisoma naelewa kila kitu, hadi naona raha. Nikikaa kwenye mtihani kichwa kinakuwa cheupe kama ukuta. Na wewe ndiye mkufunzi wa somo hilohilo huko chuo cha ualimu. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumwuliza ningemwuliza huyo, sikufichi. Lakini sina.

Mdogo wako


24 Januari

Kwako Chujio,

Nimecheka na barua yako mpaka wifi yako akaja kuangalia kuna nini. Yeye mzima, amepata miwani mipya, na sasa anaona vumbi ambalo kwa miaka kumi halikuwepo. Vijana wazima, wanakula kama wamekodiwa. Mwambie Mama goti alipumzishe, ingawa najua namwambia jiwe.

Unaona nimekuita kwa jina lako la zamani. Kila tulichokumiminia kilipita! Marehemu Baba alikuwa akilisikia jina hilo anacheka peke yake.

Sasa tuje kwenye kazi. Kosa lako naliona kutoka huku. Unasoma mara tisa. Ukimpita jirani njiani mara tisa sura yake utaijua, lakini ukiulizwa jina lake utabaki kukuna kichwa. Macho yameuzoea ukurasa, nawe unadhani umeujua. Kinachoifanya kumbukumbu iwe na nguvu ni kule kuhangaika kuitoa, siyo kuiingiza. Na usijazie yote usiku mmoja kabla ya mtihani. Ukisoma leo, ukaacha, ukarudia baada ya siku chache wakati umeanza kusahau, hapo ndipo inapokaa.

Tutafanya hivi. Kila baada ya wiki mbili au tatu usome sura moja, ulale. Kesho yake kitabu kiwe chumba cha pili, mlango umefungwa, nawe uniandikie yote unayoyakumbuka. Kwa kichwa tu. Mimi nitasahihisha kwa kalamu nyekundu na kukurudishia. Ukikosa, umekosa, hakuna atakayekula nyama yako.

Fanya kama nilivyosema na Juni utafaulu.

Kaka yako


12 Februari

Kaka,

Salamu kwenu nyote. Mama amepata fimbo ya kutembelea na anaitumia zaidi kuonyeshea watu makosa yao. Wodini tumejaa, vitanda ishirini, watoto ishirini na sita.

Haya hapa, kama ulivyoagiza. Kitabu kiko chumba cha pili.

Kumbukumbu ni uwezo wa akili wa kupokea taarifa, kuzihifadhi na kuzirejesha zinapohitajika. Hatua zake ni tatu, nazo ni upokeaji, uhifadhi na urejeshaji. Kumbukumbu ya muda mfupi huhifadhi taarifa chache kwa sekunde kadhaa tu, ilhali kumbukumbu ya muda mrefu huweza kuhifadhi taarifa kwa kipindi kisicho na ukomo dhahiri. Kusahau husababishwa, miongoni mwa mambo mengine, na kufifia kwa taarifa, mwingiliano wa taarifa mpya na za zamani, na kukosekana kwa vidokezo vya urejeshaji.

Ndiyo hayo.

Mdogo wako


2 Machi

Kwako Chujio, ambaye sasa naona umeziba matundu,

Wifi yako anasalimu, vijana wanasalimu, hata mimi najisalimu kwa furaha. Kalamu nyekundu nimeishika, nikaizungusha, nikairudisha mezani. Sina cha kusahihisha! Mia kwa mia! Watu wanalipa ada miaka miwili hapa chuoni na hawaandiki hivi.

Nikuambie jambo. Jana niliichukua barua yako nikaisoma mbele ya darasa langu, wanafunzi sitini. Nikawaambia, huyu ni mdogo wangu, mhudumu wa hospitali, shule aliiacha njiani, na tazameni urejeshaji wa kweli unavyofanya kazi. Wakapiga makofi.

Nimekumbuka na jikoni kwetu, Baba alivyokuwa akikugongea rula kwenye meza usiposhika hesabu. Tulimwona mkali, lakini samaki mkunje angali mbichi. Pengine ndiyo matunda tunayachuma leo.

Lete sura ya pili.

Kaka yako


19 Machi

Kaka,

Sisi wazima. Salamu nimezifikisha. Mwezi ujao matroni, mkubwa wa wauguzi wetu, atatupa mtihani wa majaribio.

Sura ya pili, kitabu chumba cha pili.

Kujifunza ni badiliko la kudumu kiasi katika tabia au maarifa litokanalo na uzoefu. Katika jaribio mashuhuri, mbwa alipigiwa kengele kila kabla ya kupewa chakula. Baada ya marudio kadhaa mbwa alidondosha mate kwa kusikia kengele pekee, kama inavyoonekana katika kielelezo hapo juu. Aidha, tabia inayofuatwa na tuzo huimarika, ilhali tabia inayofuatwa na adhabu hudhoofika.

Kuhusu rula, hukumbuki vizuri. Lakini tuyaache.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Hapa tuko salama, na salamu zangu leo zinaishia hapo.

Wiki sita sijapata barua. Nikapiga simu Jumapili, akapokea Mama. Namwuliza mtihani wa majaribio wa matroni umekwendaje, ananiambia, "Kwani hakukuambia? Ishirini na tatu." Nikadhani ishirini na tatu kati ya thelathini. Kumbe kati ya mia!

Nikazitoa barua zako nikazisoma upya. Kielelezo hapo juu! Kielelezo kipi, wewe? Juu ya ile sentensi kuna salamu za nyumbani! Mtu anayekumbuka kwa kichwa haandiki kielelezo hapo juu. Ulikuwa umefungua kitabu mbele yako unanakili neno kwa neno, halafu unaniandikia kwamba kiko chumba cha pili. Na mimi, miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, furaha ikanipofusha.

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Umenifanya mjinga mbele ya watu sitini. Hilo nitalimeza. Nisichoweza kumeza ni kwamba umejidanganya mwenyewe, na Juni ni kesho. Nilikuomba nini kikubwa? Nilikuambia ukikosa, umekosa. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha miezi mitatu mizima.

Nataka jibu moja tu. Kwa nini?

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Mama na binti yangu hawajambo. Mimi sijui nisemeje.

Nilinakili. Barua zote mbili. Mara ya kwanza nilijaribu kweli. Nilikipeleka kitabu chumbani kwa Mama, nikafunga mlango, nikakaa na karatasi. Nikaandika mistari minne, nikaiona ina makosa, na nikakuona wewe na kalamu yako nyekundu. Mikono ilianza kutoka jasho, mimi mwanamke wa miaka arobaini ambaye nimeshika watoto wakishonwa vichwa bila kupepesa jicho. Nikaenda kukichukua kitabu. Niliponakili, moyo ukatulia. Ukanisifu. Basi, ungetaka nifanyeje mara ya pili?

Umeuliza kwa nini, na ulidhani unauliza mambo ya mwaka huu.

Baba hakushika rula hata siku moja. Ulishika wewe. Nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na minne. Tukimaliza kuosha vyombo unapangusa meza, unatoa daftari langu, unaanza. Saba mara nane. Unagonga meza kwanza, halafu ndiyo unauliza, na nikikosa inashuka kwenye vidole. Nilifika mahali ambapo nikisikia tu ule mlio wa meza sikumbuki hata jina langu. Wageni wakija ukumbini unaniita niwasalimie: "Huyu tunamwita Chujio." Wanacheka. Wewe unacheka kuliko wote.

Unajua nilijifunza nini? Siyo hesabu. Nilijifunza kuandika majibu kwenye paja, chini ya sketi. Nilijifunza kusema "nimeelewa" kabla hujamaliza kueleza. Nilijifunza kwamba kosa ni kitu cha kufichwa haraka. Shule niliacha kwa sababu kuficha kwenyewe kulinichosha. Ukurasa wa hamsini na mbili wa kijitabu unasema kwamba anayeadhibiwa mara nyingi hajifunzi somo, anajifunza kukwepa adhabu. Huo ndio ukurasa pekee ambao sikuhitaji kuukariri.

Usinijibu. Nitajua mwenyewe la kufanya na Juni yangu.

Mdogo wako


17 Mei

Mdogo wangu,

Umesema nisijibu, lakini barua kama ile haiachwi hewani.

Nasikitika kwamba uliumia. Ila lazima nikusahihishe kama mtaalamu, achilia mbali kama ndugu. Kumbukumbu siyo picha iliyotundikwa ukutani. Kila tukikumbuka jambo tunalijenga upya, na tunapojenga tunachomeka matofali ya mahali pengine. Mtu anaweza kuona kwa uhakika kabisa jambo ambalo halikutokea hivyo. Ulikuwa mtoto mdogo. Mimi nilikuwa mkubwa zaidi, na namwona Baba amesimama pale jikoni na rula mkononi. Mimi nilikuwa nakusaidia tu. Jina la utani nakubali, lilikuwa langu, na lilikuwa la mapenzi.

Huna sababu ya kuniamini. Mwulize Mama.

Kaka yako


24 Mei

Kaka,

Nimemwuliza.

Alikuwa amekaa mlangoni na sinia la mchele anatoa mawe. Nikamwambia, "Mama, ile rula ya jikoni alikuwa anashika nani?"

"Kaka yako," akasema, hata macho hakuinua. "Baba yenu alimwambia akufundishe."

"Kaka anasema alikuwa Baba."

Hapo akaacha mchele. "Baba yenu alikuwa na mkanda," akasema. "Chumbani. Ukikosa zaidi ya matatu, kaka yako anaitwa. Baba yenu alisema mwanafunzi akikosa anayestahili kupigwa ni mwalimu. Kwani hamjawahi kuambiana?"

Nikamwuliza kwa nini miaka yote hii hakusema. Akajibu kwamba hakuna aliyemwuliza. Nilitamani kuurusha ule mchele wote uani, mawe kwa punje.

Kaka, ule mlango wa chumba naukumbuka. Ulikuwa unaingia na daftari langu mkononi, mlango unafungwa. Nilidhani unaenda kusifiwa. Nilidhani Baba anakwambia ahsante mwanangu kwa kazi nzuri, na mimi nimebaki jikoni na vidole vyangu. Miaka thelathini na moja nimekuonea wivu kwa mlango ule. Na wewe ukanyamaza, ukaenda kusoma vitabu vya watu wengine wanavyokumbuka na kusahau! Nina hasira na wewe mara mbili sasa, na sijui ya kwanza niitoe wapi ili ya pili ipate nafasi.

Zimebaki wiki tatu. Kitabu hakipo chumba cha pili, kipo kwa jirani wa mtaa wa nyuma, na nimemwambia asinipe hata nikilia. Haya ndiyo ninayoyajua, sina mengine.

Kumbukumbu ya muda mfupi ni mikono ya mhudumu. Inabeba vitu saba hivi. Ukimwongezea beseni la nane, kuna moja litaanguka.

Mtoto wa kitanda cha nne anaanza kulia akisikia magurudumu ya troli kwenye korido, hata sindano hajaiona. Mwanzo magurudumu yalikuwa magurudumu tu. Yalikuja na sindano, mara ya pili yakaja na sindano, akajifunza. Ukitaka aache, troli lazima ije mara nyingi bila sindano. Nimefanya hivyo, naipitisha na maji ya kunywa. Siku ya nne alilia kidogo, siku ya saba akauliza kama kuna juisi. Jambo hili lina jina lake kitabuni, silikumbuki.

Tuzo ni kumpa mtu kitu kizuri ili arudie alichofanya. Adhabu ni kumpa kibaya ili aache. Kuna ya tatu, ya kumwondolea kitu kibaya. Hiyo nadhani nayo ni adhabu, ila nyepesi. Sina uhakika.

Mambo ya kusahau nimeyasahau. Cheka kama unataka.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Ni kweli. Mama amesema kweli.

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Wifi yako aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, halafu nikamweleza yote, na alikuwa hajawahi kuyasikia. Tumeoana miaka ishirini.

Jambo linalonitesa ni kwamba bado naiona rula mkononi mwa Baba. Naiona na kucha zake. Najua sasa kwamba mkono ule ni wangu, na nikifumba macho bado ni wake. Nimewafundisha watu kwa miaka kumi na tisa kwamba kumbukumbu hujengwa upya, na yangu sijawahi hata kuigonga ukuta nisikie kama ni tupu.

Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Na kuna la pili, ambalo ni baya zaidi. Jioni zile nilikuwa nakuchukia. Nilikuwa nahesabu makosa yako kimoyomoyo, moja, mbili, na ikifika tatu nilikuwa nagonga kwa nguvu zaidi, kwa woga, na woga wangu ukakutia wewe woga, ukakosa la nne. Nilikuita lile jina mbele ya wageni ili Baba asikie kwamba kosa ni la kichwa chako, siyo la ufundishaji wangu. Alicheka, na siku aliyocheka hakuniita chumbani. Kwa hiyo nikaendelea kulitumia. Nisamehe. Sitaliandika tena.

Sasa kuhusu Juni. Nimekuandikia kwa penseli.

Ile ya tatu, ya kuondoa kitu kibaya, siyo adhabu. Nayo humfanya mtu arudie. Ulikuwa na hofu, ukanakili, hofu ikaondoka, kwa hiyo ukanakili tena. Ndiyo hiyo. Mimi nililitumia jina, mkanda ukaniepuka, nikalitumia tena. Ni hiyo hiyo. Sidhani kama utaisahau.

Lile la troli linaitwa uzimishaji. Jina likikutoka siku ya mtihani, mwandikie msahihishaji habari ya kitanda cha nne kama ulivyoniandikia mimi. Nina makabati ya karatasi humu, na sijasoma mfano mzuri kama huo. Huu siyo ule upofu wangu wa Machi, nakuambia nikiwa na macho yangu.

Ile barua yako niliyoisoma darasani, nimewaambia wanafunzi kwamba ilikuwa imenakiliwa, na nimewaambia kosa la nani. Hawakupiga makofi.

Ukikaa kwenye mtihani kichwa kikawa cheupe, usikisukume. Andika kwamba swali hilo hulikumbuki, uende linalofuata. Swali jingine litafungua mlango.

Kaka yako


3 Julai

Kaka,

Salamu kwako na kwa wifi, na mwambie nimeipata barua yake na nitamjibu nikitulia. Mama anatembea bila fimbo ndani ya nyumba na anaibeba tu kwa ajili ya watu. Penseli yako niliisoma mpaka ikafifia.

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wa chakula wa wafanyakazi, tumekaa meza mojamoja. Yule mhudumu wa wodi ya wanaume, ambaye tumeanza kazi mwaka mmoja, alikuwa nyuma yangu. Kabla hatujaingia alinifungulia kiganja akanionyesha karatasi iliyokunjwa, imeandikwa kwa herufi za sisimizi, kijitabu kizima. "Ninayo nyingine," akaniambia, "chukua." Niliitazama, Kaka, sitasema uongo kwamba sikuitazama. Nikamwambia hapana. Siyo kwa sababu mimi ni malaika. Nilitaka kujua nini kimo kichwani mwangu, kwa sababu sijawahi kujua.

Msimamizi akagonga meza kwa kalamu, akasema anzeni, na vyote vikaondoka. Ukuta mweupe. Nikakaa hivyo labda dakika kumi natazama mikono yangu. Halafu kwenye swali la kwanza nikaandika, "Hili silikumbuki kwa sasa." Nikaenda la pili, nalo nikaandika hivyohivyo. La tatu likauliza habari za tuzo na adhabu. Nikaandika mpaka karatasi ikaisha, nikaomba nyingine. Kitanda cha nne kimo, mabeseni yamo. Nilitaka kurudi kwenye swali la kwanza na la pili, kengele ikalia.

Majibu yamebandikwa Jumatano. Ya kufaulu ni hamsini. Nimepata arobaini na nane.

Matroni alikwenda kwa wakubwa kuniombea zile mbili, wakamwambia sheria ni sheria. Jumatatu nimeanza chini, chumba cha kufulia. Mashine moja inavuja, na kuna joto la kuivisha mayai. Anayetoka kufulia anaruhusiwa kuomba tena baada ya mwaka mzima kama mtu mpya, na nitaomba. Yule bwana wa karatasi ya kukunja amepata sabini na moja. Wamempeleka wodi ya watoto. Alikuja kwangu kuchukua funguo za kabati, akaniuliza mtoto wa kitanda cha nne anapenda nini, nikamwambia. Ningefanyaje, nimnyime mtoto?

Nimekasirika. Usinipe nadharia yoyote juu ya hili. Nimefanya kama ulivyosema, mara hii nimefanya kweli, na nimekosa kwa alama mbili, na mwizi amekaa kwenye kiti changu. Nimelia ndani ya mashuka, angalau hayo yanafuliwa.

Ila nikueleze la nyumbani. Mchana wa Jumatano tulikuwa tunakula, Mama akaniuliza mbele ya binti yangu nimepata ngapi. Unanijua. Ningesema majibu hayajatoka, ningesema hivyo wiki nzima mpaka wote wachoke kuuliza. Nikamwambia arobaini na nane, nimeanguka, kuanzia Jumatatu nitakuwa chini.

Binti yangu aliacha kula. Akaenda kwenye viatu vyake vya shule pale mlangoni, akainua soli ya ndani ya kiatu cha kushoto, akatoa karatasi imekunjwa mpaka imekuwa kama tofali dogo. Jaribio la hesabu la mwezi wa tano. Kumi na tisa kati ya mia. Ametembea juu yake wiki sita, na mimi mama yake kila jioni nikimwuliza shule vipi, anasema nimeelewa.

Akaiweka mezani karibu na sahani yangu, akabaki amesimama na mikono nyuma. Nilimvutia kiti. Tukasogeza sahani, tukaikunjua karatasi, tukaanza na swali la kwanza alilokosa.

Mdogo wako